Siku Mwenye Mashine Alipotolewa Damu

Tulimwacha Osoro amekaa juu ya gunia tupu, mlangoni mwa mashine yake ya kusaga hapa Ntimaru, akiitazama barabara ambayo haimletei mtu.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, mambo yako hivi. Osoro ni Mgusii aliyehamia kwa Wakuria zamani, Msabato wa kushika Sabato, mwenye mashine ya dizeli na mdomo usiohitaji dizeli. Mdogo wake Orina alikuwa dereva wa lori la omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Muhuru Bay kwenda Homa Bay. Akarudi kwa kaka yake amekonda, akakohoa miezi na miezi, akafa. Osoro akawaambia watu ni kifua. Watu wakasema pole.

Kisha wakaanza kukumbuka.

Walikumbuka kwamba Orina, alipokuwa bado na nguvu, alimsaidia kaka yake kusaga. Walikumbuka kwamba siku moja alionekana na kitambaa kidoleni.

Gisiri, mwenye mashine ile nyingine ya kule juu, hakusema neno baya. Tumsifu kwa hilo. Aliuliza tu.

"Hivi kile kidole cha Orina kilikatwa na nini?"

Aliuliza hotelini kwenye chai. Aliuliza kwa kinyozi. Aliuliza hata matangani, watu wakiwa bado na machozi. Kabla ya wiki kuisha, Ntimaru nzima ilikuwa inajua kwamba unga wa Osoro una ukimwi.

Ndiyo maana gunia lilikuwa tupu.

Basi akiwa hapo kwenye gunia, akaja Sista Mellen, muuguzi wa kituo cha afya. Huyu ni mama Mjaluo kutoka Magunga, mrefu, mpole, na kwa mwaka mzima alikuwa anazunguka makanisani na kwenye mabaraza akiwaomba watu wapime damu. Watu walimpenda sana. Walimpigia makofi, wakaimba naye, wakala mandazi yake, wakarudi nyumbani na damu yao yote.

"Osoro," alisema, "unga haubebi huu ugonjwa. Nimewaambia hawa watu mpaka koo limekauka."

"Wanasemaje?"

"Wanasema 'ndiyo, Sista.' Halafu wanapeleka mahindi kwa Gisiri."

"Sasa unataka nifanye nini? Nihubiri?"

"Upime."

Osoro aligeuka nyuma kuona kama kuna mtu mwingine anayeambiwa. Hakukuwa na mtu.

"Mimi? Mimi sina kitu."

"Umejuaje?"

"Nakula vizuri."

"Yawa!" Sista Mellen akacheka, akavuta gunia lingine, akakaa. "Nisikilize. Watu wa maabara kutoka Migori wanakuja siku ya soko, kama hii barabara iliyoliwa na mvua itawaruhusu. Watachukua damu, watairudisha hospitali, majibu yatakuja baada ya wiki mbili. Wewe ukianza, watu watafuata. Ukikataa, watasema Osoro anajijua."

"Na wakinikuta nao, kuna dawa?"

Sista Mellen hakuwa mtu wa kumpaka mwenzake mafuta.

"Ya kuumaliza hakuna. Sitakudanganya. Lakini kifua kinatibika, homa zinatibika, mtu akiwahi. Anayejua anamlinda mwenzake. Anapanga mambo ya watoto wake akiwa na nguvu. Asiyejua anabahatisha tu, kila siku."

Osoro alifikiri. Yaani alinyamaza, jambo ambalo kwake ni kazi ileile.

"Majibu yakija, nitaruhusiwa kuwatangazia watu?"

"Ni majibu yako. Ukitaka."

"Basi nitapima!" alisema, na tayari alikuwa ameshasimama.

Hakungoja siku ya soko. Saa hiyohiyo alikwenda sokoni, akapanda juu ya kreti ya soda.

"Watu wa Ntimaru! Siku ya soko ijayo mimi Osoro nitatolewa damu! Na majibu yakija nitayasema hapahapa, mbele ya kila mtu, na yule aliyesema unga wangu una ugonjwa ataona aibu!"

Makofi yakapigwa. Ntimaru wanapenda makofi.

"Na mkeo, Mama Mourine?" Hiyo ilikuwa sauti ya Bitutu, muuza ndizi. Hakuinua hata macho kutoka kwenye mikungu yake.

"Mama Mourine yuko nyumbani."

"Sijauliza yuko wapi. Nimeuliza, damu yake nayo inabaki nyumbani?"

Kicheko kilianzia kwenye ndizi kikafika kwenye mitumba.

"Tutatolewa wote wawili!" mdomo wa Osoro ulijibu, kabla mwenyewe hajaulizwa.

"Mkitolewa wote wawili," Bitutu akasema, sasa akimtazama, "na mimi nitakuja. Na nitakuja na kikundi chetu chote cha akina mama. Lakini tukikuona peke yako, Osoro, hakuna mtu."

Maroa, mkulima Mkuria na rafiki wa Osoro wa siku nyingi, alimshika mkono akishuka kwenye kreti.

"Mura, rafiki yangu, mimi niko na mahindi yangu magunia mazuri. Lakini mke wangu amekataa kabisa niyalete kwako. Wewe sema tu uko sawa. Siku hiyohiyo napakia punda, nakuja."

Osoro akaenda nyumbani akipiga mluzi.

Nyamoita, mkewe, alikuwa nje anapepeta wimbi. Alipoisikia habari, ungo ulisimama hewani.

"Umeniuza, Baba Mourine?"

"Sijakuuza. Nimekutangaza."

"Kwako kuna tofauti?"

Osoro alijitayarisha kwa vita. Alikuwa na maneno mengi mazuri, kuhusu biashara, kuhusu karo ya Mourine, kuhusu Gisiri. Hakuyahitaji. Nyamoita aliutazama ule wimbi kwa muda mrefu, kama anayetafuta kokoto moja tu, kisha akasema:

"Sawa."

Mwanamume mwingine aliyeoa miaka mingi angejua kwamba "sawa" ya namna ile si ya kuichukua ukaondoka nayo. Osoro aliichukua, akaondoka nayo.

Siku ya soko Land Rover ilifika imepakwa tope mpaka madirishani. Vijana wawili wa maabara wakashusha masanduku. Sista Mellen akatayarisha chumba cha ndani, akavuta pazia.

"Damu ya mtu inatolewa faraghani," alieleza.

"Yangu itolewe hapa nje," Osoro akasema. "Watu waone. Wasije wakasema nilitoa damu ya mbuzi."

Walibishana. Nani alishinda, msomaji, unajua. Kiti kililetwa barazani. Watu walijaa uani mpaka kwenye ua wa michongoma. Bitutu alikuwepo na akina mama wake. Maroa alikuwepo. Gisiri naye alikuwepo, ingawa alimwambia kila aliyemtazama kwamba alikuwa anapita tu.

Osoro alikunja mkono wa shati kama mtu anayekwenda kupigana. Akafungwa mpira mkononi. Akawageukia watu.

"Mnaona? Hakuna la kuogopa! Ni kitu kidogo tu kama—"

Hapo akaiona sindano. Halafu akaona damu yake mwenyewe, nyekundu kabisa, inapanda ndani ya bomba.

Alisema neno moja. Alisema, "Mama." Kisha akaanguka, yeye na kiti.

"Ameshikwa!" mtu akapiga kelele. "Sindano imemgundua!"

Sijui kama umewahi kuona soko likikimbia. Akina mama waliacha leso. Mzee mmoja aliacha kiatu. Gisiri, aliyekuwa anapita tu, alipita kweli: alikuwa wa kwanza langoni.

Sista Mellen alishika kichwa. Mwaka mzima wa makanisa na mabaraza ulikuwa unatimua vumbi mbele ya macho yake.

Nyamoita alikuwa amesimama kando ya nguzo muda wote huo. Alimruka mumewe aliyelala chini. Aliinua kiti. Akakaa.

"Sista, nifunge mkono wa kushoto. Wa kulia mshipa wangu unajificha."

Kisha akawapazia sauti wale waliokuwa langoni.

"Nyinyi mnakimbia nini? Huyu hata tukichinja kuku anaingia ndani! Hamjawahi kumwona? Bitutu! Si ulisema tukija wawili utakuja? Tuko wawili. Mmoja amelala tu."

Mtu mmoja alicheka. Halafu wengine.

"Inauma kama siafu mmoja," Nyamoita akaendelea, na bomba lilikuwa linajaa na yeye hatazami. "Jina lako haliandikwi kwenye chupa, unapewa namba. Siku ya majibu hawaiti jina, wanaita namba. Unaingia, mlango unafungwa, unaambiwa wewe na sikio lako. Basi. Hakuna sindano inayomgundua mtu."

Bitutu aliirudisha leso yake kiunoni, akavuka uwanja mzima peke yake, huku akinung'unika kwamba yeye na mdomo wake wana kesi ya kujibu. Akakaa kwenye kiti. Nyuma yake akaja mwenzake. Na mwingine. Jua lilipofika utosini, mstari ulikuwa umetoka nje ya lango, na wanaume nao walikuwemo, wakisukumana, kila mmoja akisema amekuja kwa sababu ya mwingine.

"Yawa," Sista Mellen alisema, "chupa zitatosha kweli?"

Osoro alikuwa amelazwa kwenye benchi na kitambaa kibichi kipajini. Alisikia watu wakimsifu mke wake. Alifurahi. Alijiambia, huyo ni wangu.

Kisha akayakumbuka maneno ya mkewe aliyoyasikia akiwa chini, akaanza kufikiri, safari hii kufikiri kwa kweli. Mkono wa kushoto? Namba kwenye chupa? Siku ya majibu? Sista Mellen alikuwa hajaeleza lolote kati ya hayo. Alikuwa anangoja watu watulie ndipo aeleze.

Nyamoita aliyajulia wapi?

Hakuuliza pale. Alingoja mpaka wako njiani kwenda nyumbani, watu wamepungua.

"Mama Mourine. Wewe umewahi kutolewa damu ya namna hii?"

Alikuwa anatarajia kicheko. Nyamoita aliendelea kutembea.

"Ndiyo."

"Lini?"

"Mwaka jana. Homa Bay."

"Homa Bay ulikwenda kumwona Mourine shuleni!"

"Mourine nilimwona pia."

Osoro alisimama katikati ya njia. Ng'ombe wa mtu wakampita huku na huku.

"Ulikuwa unatafuta nini kule? Ulikuwa na shaka na mimi? Ama mimi ndiye nilipaswa kuwa na shaka?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi!"

"Orina aliniita," Nyamoita akasema.

Sauti ilipungua yenyewe.

"Alijiona anakonda. Dereva mwenzake alikuwa amekufa. Alitaka kupima lakini alishindwa kuingia peke yake. Alinitumia ujumbe kwa utingo wa lori, nikaenda. Tulifika pale mlangoni akakataa kuingia, anatetemeka, mwanamume mzima vile. Nikamwambia, basi natolewa na mimi, tuone nani ataumia zaidi. Ndivyo alivyoingia."

"Orina alikuambia wewe." Osoro alilisema polepole. "Kwa nini wewe? Mimi ndiye kaka yake. Nilimlea."

"Unataka nikuambie alivyosema?"

"Sema."

"Alisema, 'Shemeji, usimwambie kaka. Ananipenda sana, ndiyo maana atapiga kelele. Na akipiga kelele Ntimaru yote itajua kabla mashine haijapoa.'"

Tumemcheka Osoro wiki nyingi katika hadithi hii, na bado tutamcheka. Lakini siku hiyo hakuna aliyemwona ambaye angecheka. Alikaa kando ya njia, kwenye nyasi, mkono wake umeshikilia ile pamba iliyokuwa bado imebandikwa.

"Kwa hiyo alijua," alisema baadaye.

"Alijua. Walimwambia aende kliniki ya kifua aanze dawa. Hakwenda. Aliogopa kuonekana kwenye ule mstari."

"Na mimi nilikuwa nampa maziwa na asali."

"Aliyapenda."

Ndipo Osoro akakumbuka swali ambalo mume mwingine angeanza nalo.

"Na wewe? Yako ilisemaje?"

Nyamoita aliangalia upande wa milima.

"Sijui. Siku ya majibu tulirudi wote. Akaitwa yeye kwanza. Alipotoka niliuona uso wake. Halafu wakaita namba yangu. Nikaisikia vizuri sana. Miguu ikakataa. Wakaita tena. Nikasimama, nikatoka nje, nikanunua omena, nikarudi nyumbani."

"Na leo umewaambia watu wote wasiogope!"

"Nimewaambia sindano haiumi," Nyamoita alisema. "Hiyo ni kweli."

Zile wiki mbili za kungoja, Ntimaru walidhani Osoro anaumwa. Hakupanda kreti. Hakumjibu Gisiri. Alionekana akichota maji, kazi ambayo hakuwahi kuijua, akamwaga nusu njiani. Alipika chai yenye majani mengi kama dawa ya ng'ombe, na Nyamoita aliinywa yote bila kusema kitu, na hilo lilimtisha Osoro kuliko maneno.

"Tukifika pale miguu ikikataa tena?" alimuuliza asubuhi moja.

"Utanivuta."

"Na yangu ikikataa?"

"Wewe utaanguka kama kawaida. Watakubeba."

Walicheka kidogo. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu ile siku.

Majibu yalikuja siku ya soko. Uwanja ulijaa tena, lakini safari hii watu walikaa wametengana, kila mtu na namba yake mkononi, na hakuna aliyekuwa anaongea. Bitutu alikuwa hajauza ndizi hata moja. Gisiri alikuja, akakaa karibu na lango.

"Nimemsindikiza mtu," alisema.

"Nani?" Bitutu akauliza. "Mbona umekuja peke yako?"

Gisiri alipata kitu cha kutazama kwenye kiatu chake. Kumbe siku ile ya mbio, baada ya watu kutulia, alikuwa amerudi kimyakimya, akakunja mkono wa shati kama wengine.

Na Maroa alikuwa amekuja na punda. Magunia ya mahindi yalikuwa mgongoni mwa punda, kamba zimekazwa. Alimfunga kwenye mchongoma, mahali ambapo njia inagawanyika, upande mmoja kwa Osoro, upande wa pili kwa Gisiri.

"Mura," alimwambia Osoro, "wewe toka tu useme. Watu wote wanangoja. Na wengine wako nyuma yangu na mahindi."

Sista Mellen alitoka, akaita namba. Ilikuwa ya Nyamoita.

Hakusimama. Akina mama waligeuka wakamtazama. Bitutu aliikunja namba yake mara mbili, akaanza kuitafutia mahali kwenye kikapu, na ilikuwa wazi kwamba kama yule hataingia, kikapu kitaondoka na mwenye kikapu, na kikundi chote nyuma yake.

Sista Mellen aliita tena.

Osoro alimshika mkewe mkono, akamvuta. Waliinuka pamoja, wakaingia pamoja, na mlango ukafungwa.

Ndani kulikuwa na meza ndogo na viti.

"Ni mmoja mmoja," Sista Mellen alisema, "lakini kama mmekubaliana kusikia pamoja, nitawaambia pamoja. Nani aanze?"

"Yeye," alisema Nyamoita.

Sista Mellen alitazama namba ya Osoro, akatazama karatasi yake, akahakikisha tena.

"Hatujaona virusi kwenye damu yako, Baba Mourine. Utarudi baada ya miezi mitatu tuhakikishe. Lakini hivi leo, uko salama."

Osoro alivuta pumzi iliyotaka kupasua vifungo vya shati. Akilini aliuona uwanja wote uliokuwa nje. Aliona kreti ya soda. Aliisikia mashine ikinguruma tangu asubuhi, magunia yamepangwa mpaka barabarani. Alikuwa ameshafungua mdomo.

"Nipishe kwanza," Nyamoita akasema.

"Nini?"

"Ya kwangu niyasikie peke yangu. Nilidhani nitaweza ukiwepo. Siwezi. Toka nje kidogo, Baba Mourine."

"Lakini tulisema—"

"Najua tulivyosema."

Alimtazama Sista Mellen. Uso wa Sista ulikuwa umetulia kama uso wa muuguzi, hauna habari wala hauna siri. Osoro akatoka.

Mlango ulifungwa nyuma yake, na Ntimaru yote ilikuwa mbele yake.

"Haya!" Maroa aliita kutoka kwenye mchongoma, tayari ameshika kamba ya punda. "Sema, mura!"

"Sema, Osoro!" wengine wakaitikia. "Ulituahidi!"

Neno lilikuwa ulimini. Neno zuri, fupi, la kweli. Angelisema, unga wake ungekuwa msafi siku hiyohiyo.

Akamwona Bitutu. Bitutu alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi, namba imelowa jasho mkononi, na hakuwa anamtazama Osoro usoni. Alikuwa anautazama mdomo wake.

Ndipo Osoro alipoelewa. Akisema yeye yuko salama, wa pili akitoka ataulizwa. Na wa tatu. Na yeyote atakayetoka amenyamaza, atakuwa amesema. Na wa kwanza kutoka baada yake ni Nyamoita.

"Nimepima," Osoro alisema. "Nimesikia majibu yangu."

"Ehe?"

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi ni hayo. Nimepima. Ya ndani yamebaki ndani."

Uwanja ulinguruma. "Ulisema utatangaza!" "Kwani uko nao?" Kutoka langoni Gisiri akauliza, kwa upole wake uleule, "Kama ni mazuri, mtu angeyaficha kweli?"

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Osoro alikuwa na jibu na hakulitoa. Alikaa kwenye benchi, akaweka mikono magotini.

Maroa alimtazama. Alikuwa na huzuni ya kweli usoni.

"Mura, punda amesimama tangu asubuhi," alisema. "Mke wangu ataniuliza. Nitamwambia nini?"

"Mwambie nimepima. Na wewe ukapime."

Maroa alifungua kamba. Alisita kidogo pale njia inapogawanyika. Kisha punda akashika njia ya juu, ya kwa Gisiri, na wale waliokuwa nyuma yake na mahindi wakafuata.

Osoro aliwatazama mpaka wa mwisho.

Benchi lilitikisika. Bitutu alikuwa amehamia karibu yake.

"Kwa hiyo hata mimi nikitoka," alinong'ona, "sitaulizwa na wewe?"

"Sitakuuliza."

"Wakiniuliza wao?"

"Utawaambia umepima. Kama mimi."

Bitutu alifungua kikapu, akaitoa namba yake, akainyoosha kwenye goti mpaka ikakaa sawa. Kisha akaenda kusimama mlangoni, wa kwanza kwenye mstari. Akina mama wa kikundi walitazamana. Mmoja akasimama nyuma yake. Halafu wengine. Hata Gisiri, baada ya kuangalia kama kuna anayemwona, alikuja akasimama mwisho.

Na mlango ulikuwa bado umefungwa.

Osoro alisikiliza. Kupitia ule mlango ilikuwa inasikika sauti ya Sista Mellen, chini, polepole, kama mtu anayeeleza njia ndefu. Sauti ya Nyamoita haikusikika. Kiti kilivutwa. Halafu kimya. Halafu Sista akaongea tena.

Majibu yake mwenyewe yalichukua muda gani? Sentensi moja. Haya yalikuwa yanachukua muda gani?

Mkono wa mlango ulizunguka. Watu wote wakainua vichwa.

Mlango ulifunguka kidogo tu, nafasi ya uso. Nyamoita hakutoka nje. Macho yake yalipita juu ya mstari, juu ya Bitutu, yakamtafuta mumewe kwenye benchi mpaka yakampata.

"Baba Mourine," alisema. "Ingia. Na ufunge mlango."